Enzi za mwavuli mwekundu

Zamani kidogo, Windows XP ikiwa bado inatamba, antivairasi ya bure ilizua ubishi Dar es Salaam kama Simba na Yanga. Kulikuwa na watu wa AVG, watu wa Avast, na watu wa Avira, ile yenye mwavuli mwekundu karibu na saa, iliyokurushia tangazo kila siku ununue toleo la kulipia. Mbili za kwanza za Wacheki, ya tatu ya Wajerumani. Mara nyingi fundi wa Kariakoo aliyekupigia Windows ndiye aliyekuchagulia, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Adui alisafiri kwa flashi. Unaipeleka steshenari kuprinti barua ya kazi, ukirudi nyumbani mafolda yote yamegeuka shotikati na kazi zako huzioni. Zilikuwemo, kirusi kilizificha tu, lakini nani angekuambia saa hizo? Wengi wakaongezea Smadav ya Indonesia, iliyosifika kwa kunasa virusi vya flashi na isiyogombana na antivairasi uliyonayo.

Bure, ila bando lilikuwa lako. Bila orodha mpya ya virusi antivairasi haikufaa kitu, na kuishusha orodha hiyo kwa modemu kulimaliza bando la wiki. Basi mmoja anashusha, mtaa mzima unanakili kwa flashi, hizohizo zenye virusi. Avast ikishasasishwa, mwanamke alitangaza kwa Kiingereza, na sebule nzima ikajisikia salama.

Mwaka 2012 Windows 8 ikaja na antivairasi yake yenyewe, Defender, ndani yake, na 2016 Avast ikainunua AVG. Ubishi ukafa kimyakimya. Kisha Januari 2020 ikafichuka kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Mwaka 2024 Marekani ikaitoza dola milioni 16.5. Yule mwanamke hakuwahi kulitangaza hilo.

Mpwa wangu yuko chuo na hajui kama laptopu yake ina antivairasi. Inayo, na inatosha. Wezi nao wamehamia kwenye simu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Defender haina la kufanya hapo. Shangazi huwajibu mwenyewe: nimeshatuma, hebu angalieni vizuri.