Jezi Namba 16

Ukitoka Chicago kuelekea magharibi, jiji linakuacha mapema na mahindi yanakupokea. Hadi Iowa City ni kilomita kama 350, na sehemu kubwa ni mashamba tu, kushoto na kulia. Ilikuwa Ijumaa, Oktoba 25, 2024. Mahindi mengi yalikuwa yameshavunwa. Yaliyobaki yalisimama makavu, na huku na kule kombaini ikiyafyeka na kuacha vumbi nyuma yake. Nilivuka Mto Mississippi, nikaingia jimbo la Iowa, nikasimama Walcott kwenye kituo cha malori kinachojinadi kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Pale kwenye pampu za mafuta nikaona magari yenye bendera za zambarau. Walikuwa mashabiki wa Northwestern, chuo kikuu cha Evanston, pua na mdomo na Chicago. Timu yao ilikuwa na mechi na timu ya Chuo Kikuu cha Iowa kesho yake, nao walikuwa na furaha ya watu ambao hawajafungwa bado.

Mimi nilikuwa nakwenda kumsalimia dada. Mumewe ni mzaliwa wa Bukavu, na wanaishi Coralville, mji ulioshikana na Iowa City. Wakongomani ni wengi huko. Madukani na makanisani Kiswahili kinasikika bila kutafutwa. Usiku tulikula sombe na samaki wa kukaanga, kisha shemeji akaweka tiketi mbili mezani kama mtu anayecheza karata yake ya mwisho. Yeye ni mfanyakazi wa usafi katika hospitali ya chuo hicho cha Iowa, ambayo imetenganishwa na uwanja kwa barabara tu, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa shabiki wa kufa na kuzikana.

"Shemeji, mechi yenyewe ni mchana," aliniambia, "lakini sisi tunatoka asubuhi. Mpira utauona hata kwenye televisheni. Nataka ukawasikilize wazee."

Kwa msomaji aliyezoea soka, niseme machache. Futiboli ya Kimarekani nayo ina wachezaji 11 kila upande, lakini yupo mmoja ambaye karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake: kwotabeki. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Kila nafasi inapoanza, yeye ndiye anayeupokea na kuamua ndani ya sekunde mbili tatu: aurushe mbali, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe huku majitu yenye kilo mia na ushee yakimjia. Timu ikishinda anabebwa yeye, ikifungwa analaumiwa yeye. Ndiyo maana mashabiki huhesabu miaka kwa majina ya makwotabeki, kama wengine wanavyoihesabu kwa majina ya marais.

Asubuhi ile pembezoni mwa barabara ya Melrose palikuwa moshi mtupu. Magari yameegeshwa yamefunguliwa nyuma, majiko yanawaka, soseji na nyama ya nguruwe zinageuzwa, bia zimelala kwenye barafu saa tatu asubuhi. Kila mtu kavaa nyeusi na manjano. Shemeji alinipeleka moja kwa moja kwa mkulima mmoja wa umri wa miaka sabini hivi. Wanajuana kwa sababu ya mbuzi: mzee yule anafuga, na Krismasi ikikaribia Wakongomani wa Coralville humfuata shambani kununua. Tulipewa viti vya kukunja na soseji kabla hata ya kuulizwa majina.

"Mwaka huu tumemaliza kuvuna mapema," mzee alisema, akanitazama. "Mwaka 1985 hatukuwa tumemaliza."

Nilidhani anaongelea mahindi tu. Kumbe ndiyo ilikuwa namna yake ya kuanza kumzungumzia Chuck Long, kwotabeki wa Iowa wa mwaka huo.

Mwaka ule wakulima wa Iowa walikuwa taabani. Miaka ya sabini walikopa kununua ardhi na mashine, bei ya ardhi ikipanda kila mwaka. Ilipofika miaka ya themanini riba ikapaa, bei za mazao na ardhi zikaporomoka, na benki zikaanza kudai. Mashamba ya ukoo yakapigwa mnada. Kocha wa Iowa, Hayden Fry, Mtexas mwenye maneno mengi, akabandika kwenye helmeti za wachezaji duara dogo la manjano lenye herufi ANF, ujumbe wake ukiwa kwamba Marekani inawahitaji wakulima. Duara hilo lipo kwenye helmeti hadi leo. Na katikati ya balaa hilo, Long, ambaye angeweza kwenda kucheza kwa mshahara kwenye ligi ya kulipwa, akaamua kurudi chuoni kwa msimu mmoja zaidi.

Mzee aliisimulia mechi ya Michigan State ya Oktoba mwaka huo kwa kutumia chupa ya haradali na soseji mbili. Iowa walikuwa nyuma, 31 kwa 28, zimebaki sekunde 27, mpira uko yadi mbili kutoka mstari wa goli. Uwanja mzima unajua mpira atapewa mkimbiaji wao, Ronnie Harmon, aruke nao katikati. Long akajifanya kumpa. Soseji moja ikaruka katikati, chupa ya haradali ikateleza kulia, polepole, peke yake. Harmon aliangukiwa na kundi zima la mabeki, na Long akaingia mstarini akitembea, mpira kauinua juu kwa mkono mmoja. Ikawa 35 kwa 31. Haradali ilimwagika kidogo kwenye meza, na mkewe mzee akaifuta bila kusema neno. Ni wazi aliwahi kuifuta siku nyingine.

Wiki mbili baadaye, Oktoba 19, Michigan walikuja. Iowa walikuwa namba moja nchini, Michigan namba mbili, na kwotabeki wa Michigan alikuwa kijana aitwaye Jim Harbaugh, ambaye baadaye angerudi kuwafundisha hao hao Michigan na kuwapa ubingwa wa taifa. Mzee hakuwepo uwanjani. Alikuwa ndani ya kombaini, na redioni alikuwepo Jim Zabel, mtangazaji aliyekuwa sauti ya Iowa kwa miongo kadhaa. Siku hiyo Iowa hawakuuvusha mpira mstari wa goli hata mara moja, yaani hawakufunga tachidauni. Pointi zao zote 12 zilitoka mguuni kwa Rob Houghtlin, mpigaji wao, aliyepitisha mpira kati ya milingoti mara nne, na ya nne, ya yadi 29, ilikuja saa ikisoma sifuri. Iowa 12, Michigan 10.

"Nilizima injini katikati ya mstari wa mahindi," mzee alisema. "Benki ilikuwa na barua yangu mezani. Nilikaa pale nikacheka peke yangu."

Shamba lake, aliniambia shemeji baadaye, lilipona.

Mimi nimekulia Dar es Salaam, nikisikia wazee wa Kariakoo wakiyahadithia mabao sita ya Simba dhidi ya Yanga ya mwaka 1977, matatu ya Abdallah Kibadeni, kana kwamba yamefungwa juzi. Mazungumzo ya namna hii nayajua. Anayesimulia bao huwa anakueleza alikuwa nani mwaka ule, na nani alikuwa bado hai.

Ubishi wa nani alikuwa kwotabeki bora ulianza alipofika mama mmoja, mwalimu mstaafu, amevaa jezi namba 16. Ndiyo namba ya Long, lakini yeye akasema aliinunua kwa ajili ya C.J. Beathard, aliyeivaa miaka thelathini baadaye. Beathard mwaka 2015 aliiongoza Iowa kushinda mechi zote 12 za kawaida, jambo ambalo Long hakulifanya. Mzee akajibu kwamba Beathard alifungwa fainali ya ligi na Michigan State, 16 kwa 13. Mama akasema mabeki ndio waliowaruhusu Michigan State kusogea mchezo baada ya mchezo, mara 22, hadi wakafunga zikibaki sekunde 27. Kwotabeki alikuwa amekaa benchi akitazama, angefanya nini? Kuhusu mechi ya Rose Bowl iliyofuata, ambako Stanford waliwafunga Iowa 45 kwa 16, wote wawili walinyamaza. Kuna mechi hazisemwi mbele ya wageni.

Kijana wa mzee, naye mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alimtaja Brad Banks wa mwaka 2002, na hapo nikasikia kidonda cha pamoja. Tuzo ya Heisman hupewa mchezaji bora wa vyuo nchini. Randy Duncan aliikosa mwaka 1958 akawa wa pili. Long akawa wa pili mwaka 1985, nyuma ya Bo Jackson kwa pointi 45 tu, tofauti ndogo kuliko zote hadi wakati huo. Banks naye wa pili, nyuma ya Carson Palmer. Makwotabeki watatu, mara tatu mlangoni.

Lakini mchezo uliosimuliwa kwa sauti kubwa kuliko yote ulichezwa mbali, Orlando, Januari 1, 2005. LSU, waliokuwa chini ya kocha Nick Saban, walikuwa wamepita mbele 25 kwa 24 zikiwa zimebaki sekunde 46. Mke wa mzee alishainuka kwenye kochi akaenda kuosha vyombo. Drew Tate, kwotabeki mfupi kutoka Texas, aliurusha mpira sekunde za mwisho, ukamkuta Warren Holloway, ambaye katika maisha yake yote ya chuo hakuwahi kufunga tachidauni na hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Yadi 56, saa imeisha, 30 kwa 25. "Sahani ilivunjika," mke wa mzee alisema. "Siyo mimi niliyeivunja. Ni yeye, alikuja jikoni akirukaruka."

Kabla ya kuingia tulipita kwenye sanamu ya Nile Kinnick, ambaye uwanja una jina lake tangu 1972. Ndiye pekee wa Iowa aliyeichukua Heisman, mwaka 1939. Enzi hizo mtu mmoja alifanya kila kitu: alikimbia, alirusha, alipiga kwa mguu, na timu ya upande wa pili ikipata mpira alibaki uwanjani kuzuia. Kinnick alicheza dakika 402 mfululizo bila kupumzishwa. Alipopokea tuzo New York, Ulaya ikiwa imeshaingia vitani, alimshukuru Mungu kwamba yeye alikuwa kwenye viwanja vya mpira na siyo kwenye viwanja vya vita. Juni 2, 1943, akiwa rubani wa jeshi la majini mazoezini, ndege yake ilivuja mafuta akaangukia baharini karibu na pwani ya Venezuela. Alikuwa na umri wa miaka 24, na mwili haukupatikana. Sanamu haikumvisha jezi. Imemvisha nguo za kiraia na kumpa vitabu mkononi, helmeti iko chini miguuni. Niliipenda kuliko sanamu nyingi za wanamichezo nilizoziona.

Mechi yenyewe niipitie haraka. Robo ya kwanza ilipoisha, watu karibu 69,000 waligeuka wakaipungia mikono hospitali ya watoto iliyo jirani, desturi iliyoanza 2017. Shemeji alipunga kwa mikono yote miwili. Amewahi kuwa zamu ghorofa ya 12 siku ya mechi, akaiona kwa upande wa madirisha, na anasema ukiwa kule juu huwezi kuendelea kupiga deki.

Kwotabeki wa Iowa aliyeanza alikuwa Cade McNamara. Desemba 2021, akiwa na Michigan, huyu huyu aliwachapa Iowa 42 kwa 3 kwenye fainali ya ligi. Sasa alikuwa wa kwao. Akaumia kichwa, akaingia Brendan Sullivan, ambaye msimu mmoja kabla alikuwa Northwestern. Wale jamaa wa bendera za zambarau walikuwa wanatazama kijana wao akiwashughulikia. Kaleb Johnson alifunga tachidauni tatu kwa kukimbia, Kaden Wetjen akarudisha mpira karibu uwanja mzima, ikawa 40 kwa 14.

Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhama na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na anaweza kulipwa kwa jina na sura yake. Wazee wanalalamika. Mimi siwaungi mkono katika hilo: vyuo na televisheni vimevuna mamilioni kwa migongo ya vijana hawa kwa miongo mingi, na kijana anayetafuta mahali bora hana kosa. Ila niliona pia kwamba pale kwenye meza ya haradali hakuna aliyemtaja McNamara wala Sullivan, hata kwa kuwasema vibaya. Long walimwona akianza, akikosea, akikomaa, na akibaki alipoweza kuondoka. Soseji na chupa zinahitaji miaka.

Nilimuuliza yule mama kama atanunua jezi mpya. Akasema amekwisha kuvaa moja kwa makwotabeki wawili na inatosha. Msimu wa 2025 ulipoanza, McNamara alikuwa ameshahamia East Tennessee State, Sullivan yuko Tulane, na kwotabeki wa Iowa alikuwa Mark Gronowski, aliyetoka South Dakota State akiwa na mwaka mmoja tu wa kucheza uliobaki.