Pona Kwanza, Mengine Tutazungumza

Msimu wa pamba ulipofunguliwa, Bunda yote ilibadilika. Malori yaliingia kutoka vijijini yakiwa yamejaa hadi juu ya bodi, nyuzi nyeupe zikabaki zimening'inia kwenye miiba ya michongoma, na akina mama wa Manyamanyama wakaongeza unga wa maandazi maana vibarua wa kiwanda walikuwa na hela. Baba mdogo alikuwa mmoja wa vibarua hao. Kazi yake ilikuwa kulisha pamba kwenye mashine ya kuchambulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika zamu ya usiku, mashine ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kulia.

Baada ya siku chache msimamizi alikuja nyumbani na sukari, sabuni na bahasha. Akakaa kwenye kigoda, akatupa pole kwa heshima zote, kisha akasema: "Mzee, wewe pona kwanza. Mengine tutazungumza." Bibi alimsindikiza hadi njiani akimshukuru. Sisi watoto tulisema kiwanda kile kina utu.

Na utu ulikuwepo, sikatai. Kidonda kilipofunga, baba mdogo alipewa ulinzi wa ghala, kazi nyepesi, akaifanya kwa fahari akiwa na tochi na koti refu. Kila alipokumbushia yale mazungumzo aliambiwa asubiri, mkubwa amesafiri. Msimu ukaisha, geti likafungwa. Msimu uliofuata majina yaliposomwa, lake halikuwemo.

Ndipo akapanda basi kwenda Musoma kuonana na Afisa Kazi. Alitusimulia mara nyingi baadaye, bila hasira, jinsi yule bwana alivyomsikiliza hadi mwisho, akauliza tarehe ya ajali, akaangalia kalenda ukutani, akanyamaza. Halafu akauliza: "Mzee wangu, ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuwa napona," baba mdogo akamjibu.

Nyumbani hatukujua kwamba kuumia kazini kuna kalenda yake. Tulijua kalenda ya kupanda, ya kupalilia, ya ada ya shule. Sheria iliyotumika ilikuwa ile iliyoachwa na mkoloni, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo ilikuwa na ukomo wa kudai kama sheria nyingine za aina yake. Nani angemwambia kibarua? Bango la kiwandani lilikataza kuvuta sigara, basi. Tena kwa wazee wa wakati ule kudai kulikuwa sawa na kumshtaki mtu aliyekulisha.

Hata angewahi, asingepata cha maana. Sheria hiyo ilikuja kubaki na viwango vilivyodhihakiwa kila Mei Mosi: ulemavu wa kudumu haukuzidi Sh 108,000, na kifo kilikomea Sh 83,000. Shilingi iliendelea kushuka thamani mwaka hadi mwaka, viwango vikasimama palepale. Nadhani hiyo nayo ilichangia watu kutohesabu siku. Ukihesabu, unahesabia nini?

Siku hizi cha kuhesabia kipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi namba 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015 kwa Tanzania Bara. Mchango analipa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mtu. Anayebaki na ulemavu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Ulio chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Na kalenda iko wazi: sheria ilipotungwa ilimtaka mwajiri apeleke taarifa ya ajali kwenye Mfuko ndani ya siku 7 tangu aarifiwe, na ikaweka miezi 12 tangu ajali, ikipita bila taarifa kufika kwa mwajiri wala kwa Mfuko haki inapotea.

Miezi 12 ni mingi ukiitazama ukiwa mzima. Ukiwa na plasta mguuni, inakwenda haraka ajabu. Hivi karibuni kijana wa jirani, fundi msaidizi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi wa ghorofa. Nikamuuliza kama taarifa imepelekwa. "Baba, mimi kibarua tu, sina mkataba," akaniambia. "Halafu bosi amelipa hospitali yote, ni mtu mzuri. Kasema nipone kwanza." Ana simu ya kisasa yenye intaneti, anajua matokeo ya ligi ya Uingereza kabla hayajatangazwa redioni. Nilimweleza kwamba sheria haidai mkataba wa karatasi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba wa kazi. Alinitazama kama ninayemchonganisha na riziki yake.

Hapo ndipo ninapoona hatujasogea sana. Zamani muda uliisha kwa kutojua. Sasa unaisha kwa aibu na kwa kuogopa kukosa kazi kesho, na waajiri wengine wanaujua udhaifu huo vizuri sana. Sizungumzii hata wale ambao sheria hii haiwafikii kirahisi: mchimbaji mdogo wa Buhemba anayejitafutia mwenyewe, au dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu jioni kwa mwenye pikipiki. Wao wakivunjika, harambee ndiyo mfuko wao.

Lakini mwenye mwajiri ana njia. Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeumia kazini, andika leo tarehe ya ajali, mahali, na majina ya waliokuwepo. Tunza karatasi za hospitali. Mjulishe mwajiri kwa maandishi, baki na nakala, kisha uulize WCF kama taarifa imefika na ni muda gani umebaki. Mwajiri asipoipeleka, mfanyakazi mwenyewe anaweza kuufikishia Mfuko habari hiyo. Sukari na bahasha pokea, na asante useme, havizuii madai.