Kutoka Jeti hadi Jedwali

Nilianza kushika spana katika gereji ya ami yangu, Mombasa, zama ambazo ubora wa ekzosi ulipimwa kwa umbali inakosikika. Kijana akipata Yamaha R6 iliyotumika, kitu cha kwanza alichotaka kubadilisha kilikuwa bomba. R6 ya kwanza, ile ya mwaka 1999, ilikuja na injini ya sentimita za ujazo 599, kabureta nne, na nguvu farasi 120 kwa kauli ya walioiunda. Lakini mteja hakuja kuulizia nguvu farasi. Alitaka akikatiza Makadara, watu wamjue kabla hawajamwona.

Ami hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Alichosema kila mara ni hiki: "Mwanangu, ukiipanua njia ya kutoa pumzi, na ya kuvuta imeshabadilika."

Nadharia yake yote iliishia hapo, na ni nadharia sahihi. Moshi hautoki kwenye injini kwa mkondo mmoja. Hutoka kwa mapigo. Pigo likifika mwisho wa bomba, wimbi la mvuto hurudi nyuma hadi kwenye vali. Likiwahi ule muda mfupi ambapo vali ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi pamoja, huvuta hewa na mafuta mapya ndani ya silinda. Likichelewa, huyazuia. Kwa hiyo urefu na upana wa mabomba yaliyojificha mbele una kazi kubwa kuliko sailensa inayong'aa nyuma. Mjapani Hideo Yoshimura, ambaye jina lake lilikuwa midomoni mwa kila fundi wa pikipiki za mbio, alisifika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kuyaunganisha mabomba manne ya injini kuwa moja, na shabaha yake ilikuwa kushinda mbio. Ngurumo ilikuja baadaye kama bakshishi.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kazi ya subira. Hewa ya chumvi hula nati za ekzosi, na stadi ikikatikia ndani ya kichwa cha injini, gharama ya kuitoa yaweza kupita bei ya bomba. Tulizilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni, asubuhi tukazifungua kidogo kidogo. Zikaja gasketi mpya, kisha springi za kushika maungio ili mtetemo usiyapasue. Bomba la titani tulilifuta kwa spiriti kabla ya kuwasha, kwa kuwa alama ya kidole ikishaungua pale haitoki.

Mteja alidhani kazi imekwisha. Kumbe Ami ndiyo kwanza anaziteremsha kabureta. Aliweka jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, kubwa zaidi, akaipandisha sindano kwa washa nyembamba, kisha pikipiki ikapelekwa barabara ya Mtwapa. Gesi ilivutwa mpaka mwisho, klachi ikabanwa, injini ikazimwa papo hapo, na plagi zikafunguliwa pembeni mwa barabara. Plagi nyeupe ilimaanisha mafuta ni machache na joto limezidi. Nyeusi, mafuta yamezidi. Ami alitafuta rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa akiirudia safari hiyo hadi mteja anachoka kungoja.

Kisha mteja akapanda Nairobi. Huko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Kabureta haina habari kwamba imepanda mlima. Huendelea kumimina mafuta kama iko Likoni. Pikipiki iliyokuwa ikiruka pwani ikawa inakohoa na kutoa moshi mweusi. Ami akazoea kuwafungia wasafiri wake jeti ndogo katika kipakiti, wakabadilishiwe na fundi wa huko.

Nilipohamia Nairobi mwenyewe ndipo nilipokaa nikapiga hesabu. Zile nguvu farasi 120 za pwani huko juu hazifiki mia. Ekzosi ya bei ghali huongeza chache tu. Kwa hiyo R6 iliyovalishwa titani jijini Nairobi inazidiwa nguvu na mwenziwe wa Mombasa ambaye hajabadilishwa hata nati.

Mwaka 2006 mambo mawili yalikutana. Petroli yenye risasi ilikuwa imeondoka katika eneo letu la Afrika, na Yamaha ikatoa R6 mpya kabisa. Kabureta zilikuwa zimeshaachwa tangu toleo la 2003, mafuta yalipulizwa na injekta kwa amri ya kompyuta. Sailensa ndefu ilitoweka, ikawa fupi, imejibana chini ya injini pamoja na katalitiki, kifaa ambacho risasi ingekiua. Ndani ya bomba mlikuwa na vali inayofunguka na kufumba kufuatana na mwendo wa injini, ubunifu ambao Yamaha ilikuwa nao tangu 1987. Hata plagi zilibadilika: mafuta yasiyo na risasi huacha rangi hafifu sana, na jicho la Ami likakosa cha kusoma.

Alipoiona kwa mara ya kwanza aliinama, akachungulia huku na huku, kisha akaniuliza: "Sasa hapa bisibisi inaingia wapi?"

Haikuwa na pa kuingia. Kompyuta ile hupima mgandamizo wa hewa, kwa hiyo safari ya Nairobi haiisumbui. Isichokijua ni kwamba umebadilisha bomba. Gesi ikivutwa sana, hufuata jedwali lililoandikwa kiwandani: mizunguko kadhaa, gesi kiasi kadhaa, mafuta kiasi kadhaa. Mwanzo tulifunga kiboksi kati ya kompyuta na injekta ili kuongeza au kupunguza. Baadaye tukajifunza kuliandika upya jedwali lenyewe kwa laptopu, pikipiki ikikimbia juu ya roli za daino, mashine ya kupima nguvu, huku kipimo kikisoma moshi.

Daino haina adabu kwa kelele. Pikipiki zilizotetemesha madirisha zilionekana zimepoteza nguvu katikati, pale mwendeshaji anapokaa muda mrefu zaidi. R6 yangu ya 2006, baada ya kuvalishwa ekzosi kamili na kutolewa kizuia kelele, ilipata nguvu farasi chache kileleni, lakini mchoro wake ulikuwa na shimo karibu na mizunguko 6,000.

Ami alikuwa amekuja kututembelea. Nikampa karatasi yenye mchoro huo. Hakuuliza mistari ile ina maana gani, aliweka kidole penye shimo, akasema, "Hapa mimi ningepandisha sindano."

"Ndipo hapo hapo, Ami," nikamjibu, nikaongeza mafuta katika visanduku vile vya jedwali. Shimo likajaa. Siku hizi malori ya Mtito Andei nayapita bila kuteremsha gia, na kizuia kelele nimekirudisha mahali pake, maana daino haikuona tofauti ya kutajika.