Kutoka Kushuhudiwa hadi Kujieleza: Maandalizi ya Mwombaji wa Utumishi katika Kanisa la Anglikana, Pwani ya Kenya

Usaili, yaani mahojiano rasmi ambayo kamati humfanyia mwombaji kabla ya kumpa kazi, ni desturi changa katika Kanisa la Anglikana la pwani ya Kenya, ingawa kijana anayeomba leo nafasi ya mchungaji wa vijana au ya kasisi wa shule huichukulia kana kwamba ilikuwapo tangu enzi za mitume. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyewahi kuketi upande wa wanaohojiwa na baadaye upande wa wanaohoji, ameshuhudia jambo moja likigeuka: zamani waliomjua mtumishi ndio waliomsemea, na sasa mtumishi hujisemea mwenyewe.

Mfano wa mwanzo ni wa mwaka 1885, pale Askofu James Hannington alipowaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, shemasi akiwa mtumishi wa daraja la kwanza kati ya madaraja matatu ya Kianglikana, ambayo juu yake huja kasisi, kisha askofu. Wote wawili walikuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, nchini India, kisha wakarudi Afrika na kutumika kwa miaka mingi Rabai na Mombasa, hata pasiwe na aliyehitaji kuwauliza wao ni nani. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na Hannington katika safari ya kwenda Uganda, akaachwa Kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias hivi leo, huku askofu akitangulia hadi Busoga, alikouawa mwezi Oktoba. Shemasi huyo ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki hadi Rabai, na katika bendera ya buluu iliyotangulia mbele palikuwa na jina Ikabodi, ambalo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli hutangaza kwamba utukufu umeondoka. Hakuna swali la kamati yoyote ambalo lingeweza kumpima kwa kadiri ile.

Utaratibu wa ibada wenyewe uliegemea ushuhuda wa watu. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, askofu humtaka shemasi mkuu, yaani kasisi anayemsaidia kusimamia eneo, ahakikishe kwamba wanaoletwa wanafaa kwa elimu na kwa mwenendo, kisha huwageukia waumini na kumtaka yeyote ajuaye kizuizi ajitokeze akitaje. Msingi wake umo katika sura ya tatu ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, ambayo humtaka kiongozi awe na sifa njema hata kwa watu walio nje ya kanisa; kwa hiyo jirani Mwislamu naye, kwa kanuni hiyo, alikuwa na neno lake, na pwani hilo si jambo dogo.

Katika utoto wa mwandishi, kijana aliyetamani utumishi hakujiandaa kwa maswali. Alianza kwa kusoma masomo ya Jumapili, akawa katekista, yaani mwalimu wa wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, akatembea kwa miguu kwenda kwenye makanisa madogo yasiyo na kasisi, hadi wazee walipompeleka kwa padre wakisema, "Huyu tumemwona." Hata hivyo haifai kuusifu mno utaratibu huo, kwa sababu wazee waliona kwa urahisi zaidi watoto wa jamaa zao, na wanawake kwa muda mrefu hawakuonekana kabisa.

Mabadiliko yalikuja kwa njia kadhaa. Chuo cha theolojia kilichoanzia Freretown kilihamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 2007 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kwa jina la St. Paul's, hivyo cheti kikapata uzito ambao zamani ulikuwa wa ushuhuda wa wazee. Nafasi nazo zikagawanyika kuwa za vijana, za watoto, za shule na za hospitali, kila moja ikiwa na majukumu na mshahara wake.

Mwombaji wa leo, basi, huandaa barua ya maombi, wasifu, majina ya wadhamini na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kisha hujizoeza kueleza wito wake, maana yake imani kwamba Mungu ndiye aliyemwita katika kazi hiyo. Wengi huukariri wito huo kama shairi la mashindano, na anayehoji huutambua ukariri tangu sentensi ya pili. Maswali yanayowakwamisha ni yale ya kawaida: sadaka ya vijana huhesabiwa na nani, mzazi akilalamika utamsikiliza ukiwa na nani, na mzee wa kanisa akikukosoa hadharani utafanya nini. Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika kioo cha chumbani, bali kwa mwombaji kuwaendea waliotumika naye na kuwauliza wamemwonaje, ikiwezekana kabla hajaandika barua.

Kamati nazo zina wajibu. Jina la mwombaji na lisomwe katika kanisa alikotumika kabla ya siku ya usaili, na waumini, wanawake na vijana wakiwamo, wapewe nafasi ya kusema wanayoyajua.