Samaki wa Birika na Watoto wa Uduvi

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Usemi huu ni wa kweli, ila haumfai sana mtu anayefuga uduvi wa maji baridi. Fahali wanaopigana husikika, na mwenye zizi huwahi kuwatenganisha. Msiba wa tangi la uduvi hauna kishindo. Samaki mpole, asiyethubutu kumgusa uduvi mzima, huwala watoto wa uduvi huyo mmoja baada ya mwingine, na maji yakabaki matulivu kana kwamba hapakutokea jambo.

Watu wa mwambao hawakuanza jana kumchagua samaki wa kukaa katika maji ya nyumbani. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Ibn Battuta, aliyepita hapo mwaka 1331, alieleza kuwa penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, na watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Maji yaliyotekwa yalihitaji pa kuhifadhiwa, na ndipo birika likawa sehemu ya msikiti na ya nyumba ya mawe. Lakini maji yaliyosimama huzaa mbu. Katika miji ya kale ya pwani, Lamu ikiwa mfano unaojulikana zaidi, wenyeji walitia samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Hata bakuli la kaure lilijengewa katika sakafu ya birika, ili maji yanapopunguzwa samaki wapate pa kujisitiri.

Hekima hiyo ingali hai, na aghalabu ndiyo inayompoteza mfugaji wa leo. Mzee mmoja wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, aliweka tangi la kioo sebuleni akatia uduvi wekundu wa asili ya Mashariki ya Mbali, kwa nia ya kuwazalisha. Mjukuu wake hakuridhika.

"Babu, mbona tangi hili halina samaki? Tutie gapi. Si ndio wanaokula mbu?"

"Hiyo ndiyo sababu ya kutowatia, mwanangu," mzee alimjibu. "Anayekula kiluwiluwi cha mbu atamwachaje mtoto wa uduvi?"

Jibu la mzee linabeba kiini cha suala zima. Samaki wa birika alichaguliwa kwa sababu ya ustadi wake wa kuwinda viumbe vidogo vinavyoelea na kutapatapa majini. Mtoto wa uduvi ni kiumbe cha namna hiyo hiyo. Uduvi mwekundu mzima hufikia sentimita 2 hadi 3 tu. Jike hubeba mayai yake chini ya tumbo kwa majuma matatu au manne, kisha hutoka watoto wenye urefu wa milimita 2 hivi, wakiwa na umbo kamili la wazazi wao. Tangu saa ile wanajitegemea. Mama hana namna ya kuwalinda, wala hajui kuwaficha.

Kwa hiyo, samaki wa kuishi na uduvi hachaguliwi kwa upole wake bali kwa kinywa chake. Swali si kama samaki huyu ni mkorofi, bali je, kitu cha milimita 2 chaweza kuingia kinywani mwake? Kikiweza, siku moja kitaingia. Mtu akilishika swali hilo, orodha ndefu ya samaki wa dukani hujipunguza yenyewe. Perege, hata akiwa mchanga, hafai, kwani hukua haraka na hula karibu kila kitu. Kambale ni mwindaji wa usiku, nao usiku ndio wakati ambao uduvi aliyejivua gamba huwa laini na hana kinga. Beta, yule samaki wa Siam mwenye mapezi mapana kama shela, huwadonoa hata uduvi wazima. Samaki wa pwani yetu wa jenasi ya Nothobranchius, ambao mayai yao hustahimili kiangazi ndani ya tope la madimbwi yaliyokauka, wana rangi za kuvutia mno, lakini chakula chao kikuu ni viumbe vidogo vya majini vyenye magamba. Gapi naye hamdhuru uduvi mzima, huvuna watoto.

Wanaobaki ni wachache. Aliye salama kuliko wote ni Otocinclus wa Amerika ya Kusini, samaki wa sentimita 4 hivi ambaye kinywa chake kimeumbwa kwa kukwangua ukungu wa kijani juu ya mawe na majani. Baada yake kuna samaki wadogo sana wa Kusini-Mashariki ya Asia wa jenasi ya Boraras, ambao hufikia kama sentimita 2. Hawa huweza kunyakua mtoto mmoja mmoja, lakini tangi likijaa majani mororo yaliyosongamana, wengi hunusurika.

Hata hivyo, kinywa si kipimo pekee. Samaki na uduvi hunywa maji mamoja, na maji ya Mombasa yana tabia zake. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, hivyo maji ya visima vyake huwa mazito kwa chokaa. Chokaa humsaidia uduvi kujenga gamba, ila visima vingine vina chumvi nyingi kupita kiasi. Maji ya mfereji, yakiwemo yale yanayotoka chemchemi za Mzima, hutiwa dawa ya klorini, na ni lazima iondolewe kwanza. Fauka ya hayo, joto la Februari na Machi hupunguza hewa majini. Kila samaki anayeongezwa hugawana na uduvi hewa hiyo chache. Na samaki akiugua, dawa nyingi za kumtibu zina shaba, ambayo ni sumu kwa uduvi. Mwenye kumleta samaki huleta pia maradhi yake na matibabu yake.

Kosa la tangi husahihishwa kwa wavu mdogo na ndoo. Kosa la namna hiyo likitokea katika maji mapana halisahihishiki. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa ziwani, na aina nyingi za furu zilitoweka. Furu walipopungua, sangara wachanga waligeukia uduvi wa ziwa hilo, Caridina nilotica, wakawafanya chakula chao kikubwa. Mpaka leo hapana wavu wa kuwatoa sangara wote. Ndiyo maana mfugaji wa kisiwani, hata akichoshwa na samaki wake, hana ruhusa ya dhamiri kuwamwaga kisimani, bwawani wala mtoni.

Mzee wa Kibokoni hakumnyima mjukuu haki yake. Gapi walinunuliwa, wakatiwa katika mtungi wao penye ua, na humo wakaendelea na kazi ya kale ya kula viluwiluwi. Tangi la sebuleni liliachiwa uduvi peke yao. Mjukuu alilalamika kwa siku kadhaa kuwa halina cha kutazama. Kisha asubuhi moja aliinamia kioo, akanyamaza, akaanza kuhesabu vijidoa vyekundu vilivyokuwa vikitembea juu ya jani. Hakuweza kuvimaliza.