Mizabibu ya Wakimbizi

Karibuni tena katika safari yetu ya kwenye karatasi, ile isiyohitaji kibali cha kutoka kambini. Mwezi huu tunakwenda Australia ya Kusini, kwenye Bonde la Barossa, karibu kilomita 70 kutoka Adelaide. Hapo, katika mji mdogo wa Tanunda, familia ya Lindner inatengeneza divai nyekundu. Msiogope, sikuja kumfundisha mtu kunywa! Nilichopenda ni mizabibu yao.

Shamba lao moja linaitwa Freedom, yaani Uhuru. Lilipandwa mwaka 1843 na Christian Auricht, naye alikuwa mkimbizi. Yeye na wenzake walikuwa Walutheri wa Prussia. Mfalme wao aliwalazimisha kufuata ibada mpya, wakakataa, wengine wakafungwa. Kuanzia mwaka 1838 makundi yao yakapanda meli kwenda Australia. Ila tuseme ukweli wote: ardhi ile ilikuwa na wenyeji, Waperamangk na Wangadjuri, na wao hawakuombwa ruhusa.

Mzabibu hauna haraka. Ukipanda leo, unangoja kama miaka 3 hivi ndipo uvune. Ukizeeka unazaa vichala vichache, lakini ladha yake ni nzito. Zabibu zinapondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda, maana wekundu unatoka kwenye maganda. Halafu divai inalazwa kwenye mapipa ya mbao.

Mizabibu hiyo imeponea chupuchupu. Karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera, anayeshambulia mizizi, aliangamiza mashamba mengi ya Ulaya. Australia ya Kusini ikatunga sheria ya kumzuia mwaka 1899, na mpaka leo hajaingia huko. Miaka ya 1980 serikali ikawalipa wakulima wang'oe mizabibu, kwa sababu zabibu zilizidi sokoni. Shamba la Auricht likabaki. Mwaka 1996 akina Lindner na mwenzao mmoja wakanunua kiwanda kilichochakaa hapo, wakakifufua.

1996! Si ndiyo mwaka kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa? Baba alipofika hapa, mama alimwomba apande parachichi nyuma ya nyumba. Akakataa: "Sisi ni wa kupita, tupande mchicha tu." Mimi nimezaliwa hapahapa, sasa nina miaka 25, na kila msimu tunanunua maparachichi kwa jirani aliyepanda.

Mwaka jana asubuhi moja nilimkuta baba amechuchumaa nyuma ya nyumba, anafukia kokwa. Nikamuuliza, "Baba, kwani hatuendi tena nyumbani?" Akajibu, "Tutakwenda. Lakini atakayekuja kukaa hapa naye ana watoto."

Basi wanafunzi wangu wa darasa la tano wameotesha mbegu kwenye makopo. Mzazi anayetaka mche apite darasani kwetu baada ya masomo, hatuuzi. Aje na kopo lake tu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.