Gesi ya Jokofu Haiishi, Huvuja

Ndugu zetu wa pwani! Sisi tunaowaandikia tumetoka huko kwenu, na sasa tunaishi Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi. Wengi wetu twauza juisi ya ukwaju na barafu za ubuyu, na mwezi wa Ramadhani ukiingia, jokofu ndilo duka letu. Majokofu yenyewe ni makuukuu, na kila baada ya miezi michache fundi hutuambia: "Mama, gesi imekwisha." Kauli hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mirija iliyozibwa, mara kimiminika, mara mvuke, ikichukua joto la ndani na kulitoa nje. Mirija ikiwa mizima, gesi ile ile yaweza kudumu umri wote wa chombo. Ikipungua, imevuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anauza kitu kitakachotoroka tena. Jirani yetu mmoja alilipa mara tatu kwa mwaka, hadi fundi mwengine alipopaka povu la sabuni kwenye maungio ya mirija, na mapovu yakafura palipokuwa na tundu.

Na ikitoroka huenda wapi? Nyingi ya gesi hizi wanakemia huziita haloalkani. Msingi wake ni kaboni na hidrojeni, kisha hidrojeni yote au baadhi yake huondolewa, na nafasi yake ikashikwa na klorini, florini au bromini. Gesi ya zamani, R-12, ina atomi moja ya kaboni, mbili za klorini na mbili za florini. Haiwaki wala haisumbui pua, ndiyo maana ilipendwa. Lakini uimara huo huo ndio madhara yake. Kwa kuwa huku chini hakuna cha kuivunja, hupanda ikiwa nzima hadi kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Huko miale hiyo huing'oa klorini, na atomi moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland walitahadharisha hayo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kuwa ozoni ya juu ya Antaktika imepungua mno. Kinga hiyo ikipungua, huzidi saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Mataifa yaliafikiana mjini Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, hapa hapa Nairobi, lilikuwa likiongozwa na Dkt. Mostafa Tolba wa Misri. R-12 ikaondolewa, ikaja R-134a isiyo na klorini. Hiyo haigusi ozoni, lakini kwa muda wa miaka 100 kilo moja yake hupasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za kabonidioksaidi. Kwa hiyo Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yakakubali kupunguza gesi za aina hiyo pia.

Majokofu mapya mengi hutumia isobutani, yaani R-600a. Hii si haloalkani, na madhara yake angani ni madogo, lakini huwaka. Katika chumba kimoja cha mabati, jiko likiwa hatua mbili kutoka kwenye jokofu, hilo si la kupuuzwa.

Chama chetu kimeafikiana mambo matatu. Kwanza, tusome kibandiko cha jokofu kinachotaja aina ya gesi, na tusikubali kubadilishiwa. Pili, tundu lizibwe kabla ya kujaza. Tatu, fundi asikate mrija na kuiachia gesi ya haloalkani hewani, bali aivute kwa mashine hadi kwenye mtungi, jiko likiwa limezimwa na mlango wazi, kwani gesi hiyo ikipita motoni hutoa moshi wa sumu.

Fundi mwenye mashine hiyo ni ghali, nasi tunachangiana kumlipa. Nanyi akina mama mnaohifadhi samaki Mombasa na Lamu, mkiambiwa gesi imekwisha, muulizeni fundi: imetokea wapi?